Papa, Mamba na Maji: Mwongozo kwa Watu wa Mbeya, Iringa na Njombe Wanaoshuka Ziwani au Baharini

Ziwa Nyasa halina papa. Tunaanza hapo kwa sababu wageni wengi wanaoshuka Matema kutoka Tukuyu, Mbeya mjini au Makambako huuliza kuhusu papa kabla hawajauliza jambo lingine lolote. Anayeogopa papa pale Matema anatazama upande usio na kitu, na huku mdomo wa mto Lufilyo, ambako mamba wapo kweli, anaupita bila hata kuuliza wenyeji.

Swali lenyewe si la kijinga. Wapo papa wanaoingia maji baridi. Papa-fahali, ambaye kusini mwa Afrika huitwa papa wa Zambezi, hupanda mito mamia ya kilomita kutoka baharini. Maji ya Ziwa Nyasa hutoka kwa mto Shire na kuishia Zambezi, kwa hiyo kwenye ramani njia ipo. Lakini katikati ya Shire, nchini Malawi, kuna maporomoko, Kapichira likiwa mojawapo, ambayo samaki wa Zambezi ya chini hawayapandi. Kwa watu wa Iringa na Mbarali hali ni hiyohiyo: Ruaha Mkuu unaingia Rufiji, na Rufiji inaingia baharini, lakini maporomoko na bwawa la Kidatu yanakata njia. Mtera, Usangu na Pawaga hakuna papa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekulia huku juu, ambaye maji yake makubwa ni ya ziwani, mtoni au bwawani, na ambaye siku moja atapanda basi au treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam, Mafia, Kilwa au Mtwara. Tutasema hatari ilipo, na nini cha kufanya kila hatua.

Hatari yenyewe ni ya ukubwa gani

Kumbukumbu ya kimataifa ya mashambulizi ya papa inayotunzwa na Jumba la Makumbusho la Florida, Marekani, iliandika matukio 69 mwaka 2023 ya papa kuuma mtu bila kuchokozwa, na 10 kati ya hayo yaliua. Mwaka 2024 yalikuwa 47, na vifo 4. Hiyo ni dunia nzima. Mwaka 2021 peke yake, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji. Nao mamba huua watu kwa mamia Afrika kila mwaka.

Aina za papa zilizokwisha kutambuliwa zinazidi 500, na nyingi hazina uwezo wala sababu ya kumdhuru mtu. Vifo vingi vinatokana na aina tatu: papa mweupe mkubwa, papa-chui mwenye mistari ubavuni, na huyo papa-fahali. Sehemu zinazotajwa sana ni Florida, Australia, Afrika Kusini, Hawaii na kisiwa cha Réunion. Pwani ya Tanzania haimo kwenye orodha hiyo, ingawa papa-chui na papa-fahali wote wanaishi Bahari ya Hindi upande wetu.

Neno "bila kuchokozwa" lisomwe kwa makini. Takwimu hizo hazimhesabu mvuvi aliyeumwa akimtoa papa kwenye nyavu au ndoano, na hao ni wengi. Kijana wa Kyela anayekwenda kutafuta kazi kwenye majahazi ya pwani ajue hivi: papa aliyelala kimya ndani ya mtumbwi bado anauma, hata baada ya dakika nyingi. Usimshike mkia ukadhani kichwa kiko mbali, kwa maana mwili wake ni wa gegedu, hauna mfupa, na wengi hujikunja hadi mdomo ukafika mkiani. Miguu yako ikae mbali na kichwa mpaka awe amekufa kabisa.

Anza nyumbani: mamba

Kwa mtu wa nyanda za juu, mnyama wa kumwogopa majini ni mamba. Yupo kwenye mito inayoingia ziwani Kyela, yaani Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Yupo mto Ruhuhu upande wa Ludewa, Ziwa Rukwa, Ruaha na Mtera. Papa akimuuma mtu mara nyingi humwachia, kwa kuwa mtu si chakula chake. Mamba mwenye mita tatu na kuendelea humwinda mtu kama anavyomwinda mbuzi: anamtaka amle. Kwa sababu hiyo, tahadhari za mamba ni kali zaidi, na sehemu kubwa inafanyika kabla mguu haujagusa maji.

Mamba huwinda ukingoni. Hujizamisha karibu na mahali watu wanapofika, akabaki chini zaidi ya nusu saa bila kupumua, na akihitaji hutoa pua na macho tu. Taya zake zina vidoa vidogo vyeusi vinavyohisi mtikisiko wa maji hata gizani. Zaidi ya yote, ana subira na anajifunza ratiba. Mtu akichota maji saa kumi na mbili asubuhi kila siku, gogo lilelile, mkono uleule, siku ya kumi mamba anajua pa kusubiri. Kwa hiyo badilisha mahali na saa, na usichote kabla jua halijatoka wala baada ya kuzama.

Ukifika ukingoni, simama kwanza hatua kama tano kutoka majini usome tope. Mahali mamba alipopanda na kushuka utaona mburuzo mpana uliolainika, sehemu tumbo lilipopita, nyayo za makucha pande zote mbili, na mara nyingi mchirizi mwembamba wa mkia katikati. Ukingo wa mburuzo ukiwa bado unang'aa maji, ameshuka muda si mrefu. Ondoka. Kutomwona mamba hakuthibitishi lolote. Yule unayemwona akiota jua mchangani si lazima awe ndiye wa hatari kuliko aliye chini.

Maji chota kwa ndoo yenye kamba ya mita tatu au zaidi, au kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, wewe ukibaki nyuma ya ukingo. Nguo zifulie juu, kwenye beseni. Kinamama wengi wanaokamatwa huwa wameinama na uso uko chini, hawaoni chochote, na kelele za kufua zinamwita. Usioshe samaki wala kutupa matumbo ya kuku mahali watoto wanapooga.

Kijiji kisicho na bomba wala kisima kinaweza kujenga uzio wa kuchotea maji. Chagua miti imara yenye unene wa mkono wa mtu mzima, izamishe angalau sentimita 60 kwenye tope, nafasi kati ya mti na mti isizidi sentimita 10, na vichwa vyake vizidi kina cha juu kabisa cha mafuriko kwa mita moja. Ifunge kwa mistari miwili ya miti ya kulala. Sasa sikiliza kinachoharibu nyua nyingi: watu hujenga upande wa maji tu, wakaacha pande za nchi kavu wazi. Mamba hutembea vizuri ardhini usiku. Huzunguka, akaingia kwa nyuma, na asubuhi yuko ndani ya uzio pamoja na anayechota. Mikono ya uzio ipande mita kadhaa juu ya ukingo na kuwe na lango linalofungwa. La pili ni miti kuoza pale pale maji yanapogusa hewa. Juu inaonekana nzima, chini imeisha. Isukume kwa nguvu kila wiki, na kila baada ya mafuriko.

Mvua za Machi hadi Mei zikiipiga Kyela, mito hufurika, maji huwa ya tope na mamba husambaa hadi kwenye mifereji na mashamba ya mpunga ambako kiangazi hawaonekani. Kipindi hicho usivuke mto kwa miguu hata kama maji yanaishia magotini. Kiangazi kuna jambo lingine: jike hutaga mayai yapatayo 40 hadi 60 kwenye shimo la mchanga, akayafukia na kuyalinda karibu miezi mitatu. Ukiona mamba hakimbii ulipomkaribia, na anahema kwa nguvu au anapuliza, uko kwenye kiota chake. Rudi ulikotoka.

Kwa kuoga Matema, chagua ufuko wa mchanga ambako maji ni meupe na unaona vidole vyako ukisimama hadi kiunoni, mbali na mdomo wa mto na mbali na matete. Waulize wavuvi wa hapo siku hiyo hiyo. Swali zuri ni "mmemwona wapi wiki hii?" kwa sababu jibu la "yupo au hayupo" halikusaidii. Upande wa Ikombe, milima ya Livingstone inapoingia ziwani, kina hushuka ghafla. Hatua chache kutoka ufukweni mtu asiyejua kuogelea hakanyagi tena.

Mamba akikufukuza nchi kavu, kimbia moja kwa moja kutoka majini. Ule ushauri wa kukimbia kwa kupinda kushoto na kulia utupe. Mamba hachoki kwa sababu ya kona, anachoka kwa sababu mbio zake ni za mita chache tu, na kila unapopinda unabaki karibu. Akikukamata, usisubiri. Dole gumba jichoni, kwa nguvu zote, tena na tena. Akianza kuzungushana nawe ameshika mkono au mguu, zunguka naye upande uleule, maana ukimpinga kiungo kinang'oka. Wapo waliookoka kwa kusukuma mkono hadi mwisho wa ulimi, kwenye kile kifuniko cha nyama kinachozuia maji yasiingie kooni. Ni njia ya mwisho kwa mtu ambaye mkono wake tayari umo kinywani. Wenzako wasirukie majini. Wakushike wewe kwa pamoja, na mmoja ampige mamba machoni kwa kasia au mti.

Kuna maneno husemwa msibani kwamba mamba alitumwa na mtu. Tunaheshimu uchungu wa waliofiwa, lakini maneno hayo yana madhara ya wazi: kijiji kinatafuta mchawi, na wiki inayofuata mtoto mwingine anachota maji pale pale. Mamba aliyekula mtu hurudi alipopata. Funga mahali hapo siku hiyo hiyo.

Baharini: jambo la kwanza ni maji kujaa na kupwa

Mtu wa bara akifika pwani anashangaa bahari imekwenda mbali, anatembea juu ya mwamba na mchanga nusu kilomita kuokota kome na kupiga picha. Huku kwetu maji ya ziwa hayafanyi hivyo. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, takriban saa sita na robo kutoka kupwa hadi kujaa, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine, na tofauti ya kina inaweza kuzidi mita tatu.

Kosa liko hapa: maji yakirudi hayaanzi mbele yako, yanaanza kujaza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufuko. Unapoona yamefika miguuni, njia ya kurudi imeshazama hadi kifuani. Uliza wavuvi maji yanageuka saa ngapi, na uwe umeshageuza safari kabla ya saa hiyo. Vaa viatu vya mpira kwa ajili ya nungu wa baharini, na kwenye mchanga buruza miguu badala ya kukanyaga, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia humo aondoke. Taa akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90. Mwenzako ayajaribu kwanza kwa mkono, kwa kuwa mguu wenye maumivu hautambui kuungua. Kisha nenda kituo cha afya, kwa sababu kipande cha mwiba hubaki ndani.

Ukivutwa na mkondo unaokwenda nje, usipigane nao kurudi ufukweni. Ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke ndani yake, ndipo uelekee nchi kavu. Ukichoka, lala chali uelee na upunge mkono mmoja.

Kupunguza nafasi ya kukutana na papa

Papa anayemuuma mtu mara nyingi amekosea. Anawinda kwenye maji yenye tope au mwanga hafifu, anahisi mtikisiko, anaona kitu kinachong'aa, anauma kujua ni nini. Ukiondoa mazingira hayo, umeondoa sehemu kubwa ya hatari.

Oga mchana, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Alfajiri, magharibi na usiku ndipo papa wengi huwinda. Kaa mbali na midomo ya mito hasa baada ya mvua, na deltani Rufiji usiogelee kabisa: maji ya tope yenye chumvi kidogo ni makazi ya papa-fahali, na viboko na mamba wapo hapo hapo. Usiogelee panaposafishwa samaki au mitumbwi inaposhusha mzigo. Ukiona ndege wanapiga mbizi kwa wingi na samaki wadogo wanaruka, kuna wakubwa chini. Pomboo kuwepo hakumaanishi papa hayupo, kwa kuwa chakula chao kinafanana.

Vua mkufu, bangili na saa inayong'aa. Usiogelee peke yako. Usirushe maji hovyo. Anayevua kwa mkuki asifunge samaki kiunoni. Awaweke kwenye chombo au boya lenye kamba ndefu, na akimwona papa anawafuata, aachie kamba. Kidonda kinachotoka damu ni sababu ya kukaa nje. Kuhusu hedhi, hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba inawaita papa, na akina dada wasinyimwe kuoga kwa hofu hiyo.

Ukiona pezi

Usipige kelele kwanza, tazama. Pezi linalopanda, linapinda na kuzama kwa zamu, pamoja na mpumuo wa maji, ni pomboo. Mkia wake umelala na mwili unakwenda juu na chini. Ncha mbili zinazotokea pamoja, mita moja hivi kati yake, zikipiga taratibu, ni mabawa ya taa mkubwa. Papa pezi lake linakata maji kwa mstari ulionyooka bila kupanda na kushuka, na nyuma yake huonekana ncha ya pili, ya mkia, ikienda kushoto na kulia.

Kama uko Mafia kati ya Oktoba na Machi, karibu na Kilindoni, na mwili ulio chini ya pezi una madoa meupe na urefu wa daladala, huyo ni papa potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, hufika mita 12 na wengine zaidi, na anakula viumbe vidogo sana anavyovichuja kwenye maji. Koo lake ni jembamba, hawezi kukumeza. Watu husafiri kutoka mbali kumwona, nasi tulio na safari ya basi hadi Dar na boti ya Nyamisati tuna kila sababu ya kwenda. Ingia majini taratibu kutoka ubavuni mwa boti, usimrukie mbele. Kaa mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, kwa kuwa madhara pekee anayoweza kukufanyia ni kukupiga na mkia bila kukusudia. Usimguse, usimpande, usimulike kwa mwanga wa kamera. Watu wasizidi 10 kwa papa mmoja. Kama uogeleaji wako ni wa mtoni tu, vaa jaketi la kuokolea tangu unapoingia kwenye boti: unamfuata samaki asiyechoka, na mtu husahau umbali aliouacha nyuma.

Papa akikukaribia

Papa wengi wanaokaribia hutazama na kuondoka. Kazi yako ni kutofanana na windo. Fuata mpangilio huu:

1. Geuka umtazame na usimwondolee macho. Papa hupenda kuja kwa nyuma. Akizunguka, zunguka naye.
2. Simama wima majini. Usilale kifudifudi, usipige miguu juu juu.
3. Weka kitu kati yenu: ubao, kamera, fimbo, mguu wenye pezi la kuogelea. Mkiwa wawili, egemeaneni migongo.
4. Rudi nyuma taratibu kuelekea boti au mwamba. Kuogelea kwa kasi ukimpa mgongo ndiko kunakomfanya ajaribu.

Dalili ya kuwa amekasirika ni mapezi ya ubavuni kushuka chini, mgongo kujikunja na mwendo kuwa wa kukatakata, au duara lake kuzidi kuwa dogo. Hapo toka kwa njia fupi zaidi bila kumwondolea macho. Akija kuuma, piga kwa kitu kigumu, lenga jicho na matamvua, yale mapasuo nyuma ya kichwa. Pua nayo hufaa ikiwa una kitu mkononi, lakini ngumi tupu mbele ya pua inateleza na kuingia kinywani. Usijifanye umekufa. Akiachia, usimsubiri aondoke. Toka majini papo hapo, kwa kuwa wengine hurudi.

Akishauma: dakika kumi za kwanza

Sehemu hii ni ileile kwa papa na kwa mamba. Anayekufa kwa kung'atwa mkono au mguu hufa kwa kuvuja damu, mara nyingi kabla ya gari kupatikana. Anayemwokoa ni mtu aliye ufukweni mwenye kanga na kijiti.

Mtoe majini, mlaze chali, na gandamiza jeraha kwa kitambaa kwa uzito wako wote. Jeraha likiwa na shimo, sindilia kitambaa ndani kisha gandamiza juu yake. Ikiwa damu inaruka au inalowesha kitambaa baada ya kitambaa, funga mkazo, yaani kitambaa kinachokazwa kwa kijiti kukata damu. Pasua kanga au kitenge upate kipande cha upana wa vidole vitatu hadi vinne. Kizungushe mara mbili, vidole vinne juu ya jeraha upande wa moyo, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe. Funga fundo moja, laza kijiti kigumu juu yake, mwiko au mpini wa kisu unafaa, funga fundo la pili juu ya kijiti, kisha kizungushe mpaka damu ikome kabisa. Kisha kifunge kijiti kisirudi.

Itamuuma sana na atakuomba ulegeze. Usilegeze. Mkazo uliofungwa nusu ni mbaya kuliko kutofunga, kwa kuwa unazuia damu ya kurudi na kuacha ile inayotoka kwa nguvu. Kamba nyembamba, waya au kamba ya kiatu hukata nyama bila kuzuia mshipa. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake, na uiseme kwa anayempokea. Hospitali ndiyo itakayofungua.

Mfunike asipoe, usimpe chakula wala kinywaji, na jeraha usilitie majivu, kahawa, tope wala mafuta ya taa. Asikalishwe kwenye bodaboda: aliyepoteza damu nyingi akikaa wima huzimia. Tafuta gari au hata gari la mizigo, alale na miguu iinuliwe. Namba 112 ni ya dharura ya polisi, na 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. Kutoka Matema kuna hospitali ya Kilutheri hapo hapo, na hospitali ya wilaya iko Kyela. Mafia hospitali ya wilaya iko Kilindoni.

Jeraha dogo nalo liende hospitali. Meno ya mamba yana uchafu mwingi, na kidonda cha baharini hupata vijidudu ambavyo dawa ya kawaida ya dukani haiviui. Shimo dogo la jino moja lililofunikwa plasta nyumbani huvimba na kujaa usaha baada ya siku mbili. Linasafishwa kwa maji mengi, mgonjwa anapewa dawa za kuua bakteria na chanjo ya pepopunda, na mara nyingi daktari halishoni siku ya kwanza. Usimlazimishe ashone.

Kwa tukio la mamba au kiboko, mgonjwa akishafika mikononi mwa daktari, ndugu atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya mapema iwezekanavyo. Apige picha za mahali na majeraha, na ahifadhi karatasi za hospitali. Taarifa hiyo ndiyo inayofungua njia ya kifuta machozi kutoka serikalini, na ndiyo inayowaleta askari wa wanyamapori kumwondoa mamba aliyezoea watu. Ikichelewa, alama za tope zimefutika na mashahidi wamesahau saa.